Odile wa Mashini za Bata

Ukifika Alunguli, ng'ambo ya mto mjini Kindu, ukauliza wapi wanachapa barua, watakuonyesha vibanda vinne. Ukiuliza wapi unaweza kuchomeka kle yako, kile kijiti cha kubebea faili, na isirudi na ugonjwa, watakuonyesha kimoja tu, kile chenye mlango wa bati la buluu, kwenye njia inayoshuka mtoni. Hapo ndipo kwa Odile. Usiingie na viatu vya matope. Usimwite "mademoiselle", ana miaka arobaini na sita. Na usimwambie kwamba mashini zake, yaani kompyuta, ni za kizamani, maana atakuuliza ile yako mpya iko wapi leo, na mara nyingi jibu ni: kwa fundi.

Mimi nauza mikate ya mafuta kwenye ukuta wake, mwaka wa kumi na nne huu. Ninayoyaandika hapa mengine nimeyaona kwa macho, mengine amenisimulia mwenyewe, na Odile hajui kupamba maneno. Wapo wanaosimulia habari zake kwa namna nyingine, hasa wale wenye diploma. Waandike na wao.

Mashini zake si za madirisha kama za karibu kila mtu. Ni za Linux. Jina hilo hapa kwetu halikushika. Kwenye ubavu wa mashini ya kwanza kulikuwa na picha ya ndege mnene, tumbo jeupe, mgongo mweusi, amekaa kama mtu aliyemaliza sahani mbili za wali. Waliosoma wanasema ni ndege wa nchi za barafu. Sisi tulisema ni bata, na bata akabaki. Mashini za bata. Watu wa bata.

Hiyo mashini ya kwanza aliikuta kwenye ofisi ya mradi wa chanjo, mwaka 1998. Odile alikuwa na miaka kumi na tisa, anafagia. Mwenye mashini alikuwa Okito, mtu mpole mwenye shati safi, aliyefunzwa na mtaalamu mmoja mzungu aliyepita tu. Mjini kote Okito peke yake ndiye aliyejua bata. Kila asubuhi kabla ya kuiwasha alikuwa anamwambia Odile: "Geuka." Odile anageuka, anatazama ukuta, Okito anaandika neno lake la siri. Kisha anamwambia: "Haya, endelea."

Vita vilipoingia, watu walianza kukimbia kila upande. Wengine walivuka mto kwenda Kailo, wengine walifuata reli kwenda Kibombo, watoto wakipotea njiani kama kuku waliofunguliwa. Okito akafanya kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Kila aliyepita mbele ya ofisi alimwandika: jina, miaka, yuko na nani, anaelekea wapi. Wapitao walimwachia karatasi, yeye anaziingiza mwenyewe kwenye mashini. Majina mia nne na zaidi. Alisema siku watu wakirudi watatafutana, na orodha itakuwa hapo.

Novemba Okito alipigwa risasi akienda kuteka maji. Wanajeshi walipolala kwenye ile ofisi, karatasi zilitumiwa kuwashia moto wa kupikia. Odile na mama yake walichukua mashini, wakaifunika kwa sombe, majani ya muhogo, kwenye kikapu kikubwa, wakapita nayo mbele ya wanajeshi. Mmoja aliwauliza: "Mama, hiyo sombe mbona nzito vile?" Mama yake Odile akajibu: "Njoo ubebe basi, uone kama sisi tunacheka."

Mashini ikafika nyumbani. Jirani mmoja mwenye grupu, jenereta ya umeme, alikuwa anawawashia saa moja, Jumapili, pale petroli ilipokuwapo, na kuna miezi haikuwapo kabisa. Kioo kinakuwa cheusi, maandishi meupe yanauliza jina na neno la siri. Jina walilijua. Neno walilikosa.

Sasa sikiliza jambo hili, maana ndilo lililomtengeneza Odile huyu tunayemjua. Habari ilienea kwamba orodha ya Okito iko ndani ya ile mashini. Wamama wakaanza kuja kujaribu maneno. Wanakaa mstari uani, kila mmoja na neno lake, Odile anawaandikia kwa sababu hawajui herufi ziko wapi. "Andika jina la muke yake." Hapana. "Andika Yezu." Hapana. Mama Mwislamu wa mtaa wa Kasuku akasema aandike Bismillahi. Hapana. Mmoja alikuja na jina la mtoto wake mwenyewe aliyepotea, akasema labda Mungu atasikia. Odile aliandika kila neno kwenye daftari la shule ili lisirudiwe. Daftari lilijaa, akafungua la pili. Mpaka vita vinakwisha walikuwa wamejaribu maneno mia nane na kitu.

Mama yake alikuwa anakaa mwisho wa mstari kila mara, nyumbani kwake mwenyewe, akingoja zamu kama wengine. Alikuwa anamtafuta Fifi, mdogo wake Odile, mtoto wa miaka tisa, aliyekuwa kwa shangazi risasi zilipoanza. Okito hakumjua Fifi, na kama mtoto alipita ofisini, alipita wiki Odile amelala na malaria. Mama alikufa mwaka 2003, mwezi wa tatu, na maneno yake hayajafungua kitu.

Mwaka uliofuata njia zilianza kufunguka, akafika kijana kutoka Kisangani, Mbaraka, anatengeneza mashini. Odile akamwonyesha.

"Hii mulifunga kwa nini?" Mbaraka akauliza.

"Hatukufunga. Mwenye neno alikufa."

"Lakini mama, hapa hakuna haja ya neno."

Akaizima, akaiwasha, na kabla haijaamka vizuri akaandika mstari mmoja mfupi. Muda wa kumenya ndizi mbili, orodha ilikuwa kwenye kioo. Mashini zile za zamani zilikuwa hivyo: aliyekaa mbele yake angeweza kuingia, kama tu angeambiwa namna. Neno la Okito lenyewe hatulijui hata leo.

Odile akashuka na kidole kwenye majina. Fifi, miaka tisa, pamoja na familia ya Bulaimu, anaelekea Tunda.

Tunda! Siku tatu za baiskeli. Fifi alikuwa Tunda muda wote, analima mpunga na watu wema, akiamini nyumba nzima ya kwao imekufa. Alirudi mwenye miaka kumi na tano, akaonyeshwa kaburi la mama yake.

Siku ile mbele ya kioo Odile hakulia. Alimgeukia Mbaraka.

"Hii akili ulifunzwa na nani?"

"Na rafiki."

"Kisangani muko wangapi munaoijua?"

"Labda sita."

"Na hapa Kindu?"

Mbaraka akacheka. "Hapa? Sasa muko mumoja. Ni weye."

"Hiyo njo sitaki," Odile akasema.

Tangu hapo aliweka sheria zake. Alipopata mashini ya pili, na ya tatu, na kufungua kibanda hapa Alunguli, kila neno la siri aliliandika kwenye tumbo la mashini, chini, kwa verni nyekundu ya kucha. Mtu akifa, neno lisife naye. Watu wa bata wa kwanza walikuwa watano mjini, na wote walifuata desturi hiyo. Ukigeuza mashini yoyote ya bata Kindu, unakuta maandishi mekundu kama kucha za bibi harusi. Hakuna aliyeona ubaya. Watu watano wanaojuana, nani amwibie nani?

Kati ya hao watano mkubwa wao alikuwa Mwalimu Ferdinand, anayefundisha ufundi kwenye chuo kimoja mjini. Tusimwonee: Ferdinand anajua. Mashini ikikataa, anaweka sikio kama daktari. Tena ni yeye aliyenunua diski nyeusi. Kwetu intaneti ni ya kuangalia picha moja na kusali ifunguke, huwezi kuteremsha programu kubwa. Basi Mbaraka, kule Kisangani, anajaza diski kwa programu zote mpya za bata, inakuja kwa pikipiki kupitia Lubutu, kila miezi mitatu. Inafika kwa Ferdinand, halafu inapita nyumba kwa nyumba, siku mbili kila mmoja. Bila diski, mashini ya bata inazeeka. Mwenye diski ameshika pumzi yenu.

Wakaishi hivyo miaka, watano, wakipendana kama watu wanaokula sahani moja. Ferdinand alipenda sana uchache huo. Alikuwa anasema, "Sisi hatuna virusi kwa sababu sisi si wengi. Mwizi anaenda sokoni, haendi porini." Na kweli, ilikuwa kweli nusu.

Kisha ukaja mwaka wa ugonjwa wa kle. Ugonjwa ule ulikuwa unaficha kila kitu. Unachomeka kle, unakuta kazi zako zote zimegeuka vijipicha visivyofunguka. Ulianzia wapi hatujui, lakini kwa wiki tatu ulizunguka mji mzima, na ulikuwa ule mwezi wanafunzi wanamaliza TFC, kazi yao ya mwisho ya masomo, kurasa sitini, sabini. Vibanda vyote vikawa hospitali isiyo na dawa. Niliona mtoto wa watu, mwanaume mzima, amekaa kwenye benchi langu analia kwenye mkate.

Nikamwambia: "Ingia hapo kwa Mama Odile. Acha kulowesha mikate yangu."

Odile akachomeka kle yake kwenye bata, na faili zote zilikuwapo. Zilikuwa zimefichwa tu, na bata alikuwa anaziona. Ugonjwa wenyewe ulikuwa umelala hapo hapo kama mbwa mbele ya mlango asiojua kufungua. Odile akaufuta kwa kidole kimoja.

Kesho yake walikuwa ishirini kwenye mlango. Wiki ile siikumbuki vizuri, niliuza mikate mpaka unga uliisha Alunguli nzima. Na Odile hakuishia kuponya kle. Kila aliyeuliza, alimwekea bata kwenye mashini yake na kumfunza. Wanafunzi, halafu walimu, halafu wafanyabiashara. Joëlle, anayeuza sombe sokoni, alinunua kikompyuta kilichochoka kutoka kwa askari mmoja ili watoto wake wasome, Odile akakifufua kwa bata. Tambwe muuza samaki wa moshi akaanza kuulizia. Kutoka watano wakafika mia na zaidi kwa mwaka mmoja.

Ferdinand alikuja na uso wa matanga.

"Mama Odile, hawa watu wako wananipigia simu."

"Si vizuri? Zamani ulikuwa unalalamika hakuna muntu wa kuzungumza naye."

"Wanauliza kitu kimoja mara makumi ine! Hawasomi! Mumoja ananiuliza namna ya kufanya bata afanane na madirisha. Sasa kama anataka madirisha, abaki na madirisha yake!"

"Weye siku ya kwanza ulijua?"

"Mimi nilisoma."

"Ulisoma kwa sababu Mbaraka alikukalia kichwa wiki mbili. Nilikuwa hapo, Mwalimu. Nilikupikia."

Akaondoka bila kuaga. Lakini nisiseme uongo kwa kumpenda Odile: Ferdinand hakukosea kila kitu. Wengi walikuja wakiwa hawana adabu ya kazi. Walichomoa nyaya. Walijaza mashini kwa nyimbo. Wengine walisema wamefunzwa na Odile wakaenda kuharibu mashini za watu kwa jina lake. Na lile jambo la verni ya kucha, ambalo kwa watu watano lilikuwa hekima, kwa watu mia lilikuwa ujinga, na Odile hakuliona.

Aliliona siku ya Joséphine. Huyu ni msichana wa Pangi, baba yake mchimba madini, anasoma kwa jasho la nyumba nzima. Kazi yake ya mwisho alikuwa anaiandika kwenye mashini namba mbili ya Odile. Mwenzake wa darasa, Dieumerci, akaja kuchapa barua, akainua mashini kama anayeangalia mende, akasoma neno. Mchana, Odile amekwenda kula, mimi nikiwa na wateja wangu, alifungua kazi ya Joséphine, akanakili sura mbili kwenye kle yake, akaifuta kazi yote, ili hizo mbili yeye awe wa kwanza kuzipeleka chuoni.

Joséphine alipofungua na kukuta patupu, alikaa chini sakafuni. Odile alikuwa na nakala, lakini ya wiki mbili nyuma. Wiki mbili za mtoto wa watu zilikuwa zimekwenda.

Kumjua mwizi hakukuchukua siku. Bata anaandika nani alichomeka nini saa ngapi, na Dieumerci, kwa wingi wa akili zake, kle yake aliipa jina lake kamili. Odile hakuita polisi. Alimwita mama yake Dieumerci. Polisi angekuwa bora kwake. Kisha siku nne mfululizo Dieumerci alikaa kwenye mashini namba mbili, Joséphine anasoma kutoka kwenye makaratasi yake, yeye anaandika upya, na kila akikosea herufi Joséphine anamwambia: "Rudia."

Lakini habari ilikuwa imefika ng'ambo ya mto, na Ferdinand akaita kikao. Kilifanyika kwa Odile, saa tisa ya mchana, watu wa bata wa kwanza wote watano. Djo, mmoja wao, mwenye duka la simu, alikuja amevaa koti. Nilijua si kikao cha amani, mtu havai koti kwenye joto lile kwa amani. Nilibeba sinia la mikate nikaingia, nikakaa. Hakuna aliyeniambia nitoke, mikate ilikuwa ya moto.

Ferdinand akaanza. "Mama Odile, tunakuheshimu. Lakini umeona mwenyewe. Hii kitu ilikuwa nzuri kwa sababu tulikuwa wachache. Sasa kila muntu anaingia, na wezi wameingia nao. Kesho watu wa virusi wataona bata ana wengi, watatengeneza virusi ya bata. Tutabaki na nini?"

"Tutabaki na watu mia wanaojua kuifuta," Odile akasema.

"Hawajui! Wanajua kubonyeza!"

Djo akaingilia kwa sauti ya kubembeleza. "Ya Odile, dada yangu, hatusemi ufunge kibanda. Tunasema usifunze tena. Chapa barua zako, ponya kle. Na Dieumerci aondolewe bata kwenye mashini yake."

"Aondolewe namna gani? Nimufungue kichwa nitoe na aliyoyajua?"

Djo akachukua mkate.

Ferdinand akatoa karatasi iliyochapwa. Ilikuwa ahadi, ina mahali pa sahihi. Kwamba Mama Odile hatafunza mtu mpya bila ruhusa ya wenzake. Na chini yake, kwa herufi nyembamba, kwamba asiyetia sahihi diski haitapita kwake.

Hapo ndipo Odile alisimama. Si mrefu, lakini chumba kilipungua.

"Kosa la verni ni langu," akasema. "Nilifunzwa na kifo cha Okito nikaandika neno mahali hata panya anasoma. Kuanzia leo tunakwangua. Kila muntu neno lake ataliweka kwenye bahasha, atampa ndugu anayemwamini, basi. Hiyo nimekubali mbele yenu, na kwa Joséphine nimeomba musamaha. Lakini hii karatasi, Mwalimu, hapana."

"Fikiri kwanza."

"Nilifikiri miaka sita, Jumapili kwa Jumapili, na wamama pale uani. Munasema tukiwa wengi kitu kitaharibika. Ndiyo, kinaharibika! Tunatengeneza. Okito alikuwa mumoja, hakuna kilichoharibika kwake, kila kitu kilikuwa safi kama shati yake. Risasi moja, na mia ine ya watu wakapotea ndani ya mashini nzima isiyo na kosa. Mama yangu alikufa anatafuta neno ambalo halikuwa na kazi. Halikuwa na kazi, Ferdinand! Mutoto yeyote angefungua, kama muntu angemwonyesha. Okito alikuwa ananiambia nigeuke, nami nikageuka. Leo munataka mimi niwaambie hawa wengine wageuke?"

"Vita vilikwisha, Mama Odile."

"Kwako. Chukua karatasi yako, iko na mafuta ya mikate."

Hiyo ilikuwa kweli, samahani yangu.

Diski ilipofika mwezi uliofuata ilipita kwa Djo, ikapita kwa wengine, mlango wa buluu ikauruka. Na hili halikuwa jambo dogo. Odile alikuwa amenunua mashini mpya ya kuchapa, na bata wake hakuijua, programu yake ilikuwa ndani ya diski. Ya zamani ikafa kabisa wiki ya pili. Kibanda cha kuchapa kisichochapa ni nini? Wateja wakaanza kupita, wananunua mkate kwangu, wanaangalia ndani, wanaendelea kwenda ng'ambo. Odile akawa anawaponyea watu kle na kufunza, kwa sababu ndiyo kazi pekee iliyobaki. Mwezi mmoja. Wa pili.

Siku moja nilimwambia: "Odile, tia sahihi. Halafu funza kwa siri."

"Kwa siri!" alinitazama kama nimemtemea mate kwenye sahani. "Josiane, weye pia?"

Nikarudi kwenye mikate yangu.

Alimpigia simu Mbaraka. Mbaraka akamwambia kujaza diski hakuna shida, alete yake, lakini hatampa mtu wa njiani. Kulikuwa na diski aliyoituma zamani kwa mbebaji asiyemjua, ikafika imefutwa yote na kujazwa filamu za mieleka. "Uje mwenyewe, mama, au usije."

Diski hakuwa nayo. Zamu yake ya likelemba, mchezo wetu wa kuchangiana fedha, ilikuwa bado mbali, na sisi wamama wa likelemba hatuchezi na zamu. Joëlle wa sombe akasema mbele ya wote: "Zamu yangu njo ya wiki hii. Achukue." Mmoja akauliza kwa nini. Joëlle akajibu, "Kwa sababu mutoto wangu anasoma barua za baba yake, na mimi pia nimeanza." Tukahesabu fedha, tukampa Odile.

Na njia? Kuna Désiré, dereva wa pikipiki anayekwenda Kisangani na mizigo. Odile alikuwa amemfunza kuandika safari zake kwenye mashini ya bata ya dukani kwa kaka yake. Akaja, akaangalia umbo la Odile, akaangalia pikipiki yake.

"Mama, unajua kukaa?"

"Nimekaa kwenye vita, nitashindwa kukaa kwenye kiti chako?"

Aliondoka Jumanne na kitambaa kichwani, diski imefungwa ndani ya plastiki mbili na kitenge, kifuani. Siku tatu kwenda, siku mbili kwa Mbaraka, siku nne kurudi kwa sababu daraja moja lilikuwa limekatika wakavushwa mto pamoja na pikipiki juu ya mtumbwi. Alirudi hawezi kuinama. Uso umejaa vumbi jekundu, macho tu ndiyo yanaonekana, na macho yalikuwa yanacheka. Nilimkanda mgongo kwa mafuta ya mawese ya moto, anapiga kelele, anataja jina la kila shimo kutoka Lubutu mpaka hapa.

Asubuhi yake mashini ya kuchapa iliimba. Nilidhani atafunga mlango, akae kwanza, afaidi jasho lake. Alitoa meza nje. Akaweka mashini moja, diski pembeni, na karatasi ukutani kwa herufi kubwa: KILA MUNTU ANAKILI. ANAYENAKILI ANAFUNZA MUMOJA KABLA YA KUONDOKA. Haikusema ni nani aje wala waje wangapi. Wakaanza kuja na diski zao, na kle zao, wengine na mashini kichwani kama ndoo. Aliwapa namba kwenye vipande vya karatasi.

Zilipita wiki mbili, diski ya Ferdinand ikaanguka. Yeye anasema ilichoka. Mtoto wa nyumba yake anasema ilianguka kutoka juu ya kabati. Vyovyote, ilikufa, na ilikuwa moja, na wote wanne walikuwa wanaitegemea hiyo moja.

Alikuja asubuhi, peke yake, na diski mpya tupu ndani ya kiboksi. Watu walikuwa wamekaa kwenye benchi langu na kwenye matofali. Alikwenda moja kwa moja mezani.

"Mama Odile. Bonjour."

"Bonjour, Mwalimu. Chukua namba."

"Ningeomba tu..."

"Namba kumi na ine. Kaa hapo, kuna mikate."

Alikaa. Namtolea heshima kwa hilo, kuna wanaume wangeondoka. Alikula mikate mitatu, kati ya mwanafunzi mmoja na mama mwenye kuku. Zamu yake ilipofika Odile alichomeka diski zote mbili, akamwanzishia kunakili, hakumsema hata kidogo. Alimwonyesha tu ukuta.

Ferdinand akasoma ile karatasi polepole, kama mtu anayetafuta kosa la herufi.

"Nimefunza miaka ishirini na mbili," akasema.

"Wale wanaolipa chuo. Hapa ni wale wa kwenye benchi."

Aliyekuwa wa karibu kwenye benchi alikuwa Tambwe, muuza samaki, ana kikompyuta cha kununua kwa mtu, ananuka moshi mpaka Kailo. Alikuwa anangoja hapo tangu alfajiri, mashini ameikumbatia kama mtoto mgonjwa. Alisogea kumwachia Ferdinand nafasi, akafuta benchi kwa mkono wake, akalifanya kuwa na mafuta zaidi.

Ferdinand akakaa. Akavua saa, akaiweka mfukoni.

"Unajua nini mpaka sasa, Tambwe?"

"Hakuna kitu, Mwalimu."

"Hakuna hata kimoja?"

"Najua haipendi maji."

Watu wakacheka, na Ferdinand, nitaapa, na yeye midomo ilicheza. Akaifungua ile mashini kwenye magoti ya Tambwe.

"Sasa nianze wapi?" akauliza, hatukujua anamuuliza nani.

"Anza na pale pa kuwashia," Tambwe akamwambia. "Na usinifokee, Mwalimu. Mimi nasikia vizuri."